Kwa Nini Mimi, na Si Yule?

Jioni ya Jumapili, tarehe 22 Septemba 2024, nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja huko Mabibo, Dar es Salaam, nimebanwa kwenye benchi kati ya muuza chipsi na kijana wa bodaboda. Kiingilio kilikuwa shilingi 1,000 kwa sababu mechi ilikuwa kubwa: Manchester City na Arsenal. Mabati juu, feni moja, watu wengi kuliko viti. Tulikuwa tunaongoza 2-1. Nasema "tulikuwa" ili msomaji anijue mapema. Kaka yangu alinirithisha Arsenal nikiwa darasa la tatu, na nimeshindwa kuiacha.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kimeingia dakika za nyongeza. Leandro Trossard akamchezea vibaya Bernardo Silva, filimbi ikalia, naye akaupiga mpira mbali. Tayari alikuwa na kadi ya njano. Mwamuzi Michael Oliver akatoa ya pili, kisha nyekundu.

Muuza chipsi alisimama hadi kichwa chake kikaziba nusu ya skrini.

"Na Doku je? Doku si kapiga mpira vilevile, mbele ya refa huyuhuyu?"

Ni kweli. Mapema katika kipindi hichohicho, Jérémy Doku wa City alikuwa ameupiga mpira baada ya filimbi na hakuonyeshwa kadi yoyote.

"Kwani Trossard hakupiga?" aliuliza kijana wa bodaboda, aliyekuwa amevaa jezi ya City.

"Nani kasema hakupiga?"

"Basi katoka kihalali. Kosa la Doku halifuti kosa la Trossard."

Kibanda kizima kikaingia kwenye kesi. Mtu akakumbusha mechi ya wiki tatu nyuma, tarehe 31 Agosti, Arsenal na Brighton. Siku ile Declan Rice, naye akiwa na kadi ya njano, aliugusa mpira kidogo ili Joel Veltman asianzishe haraka mpira wa adhabu. Mwamuzi Chris Kavanagh akamtoa. Katika mechi hiyohiyo, João Pedro wa Brighton alikuwa ameupiga mpira mbali zaidi bila kuonyeshwa kitu. Akabaki uwanjani na ndiye aliyesawazisha. Mwingine alirudi nyuma hadi Machi 2011 kule Barcelona, Robin van Persie alipotolewa kwa kupiga shuti baada ya filimbi ya kuotea ambayo alisema hakuisikia. Wakati huo kipindi cha pili kilikuwa kimeshaanza, na sehemu ya ukumbi ilikuwa bado iko mwaka 2011.

Arsenal walilinda bao lao wakiwa kumi hadi dakika ya 98, John Stones aliposawazisha. Tulitoka kimya. Tukiwa nje, muuza chipsi akanigeukia.

"Dada, si unasoma historia pale chuo? Hebu tuambie, hizi kadi nani alizileta?"

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili na sikujua. Nikamwambia nitaangalia.

*

Sheria za kwanza za Chama cha Soka cha England, za mwaka 1863, hazimtaji mwamuzi popote. Waliozitunga walikuwa wanaume waliosoma shule za wenye nacho, na walidhani muungwana akikosea atajisema mwenyewe. Haikuchukua muda dhana hiyo ikachoka. Kila timu ikawa inakuja na msimamizi wake, na wasimamizi hao wawili wasipokubaliana, shauri lilipelekwa kwa mtu wa tatu aliyekaa nje ya uwanja. Ndiyo maana ya neno tulilolichukua kwa Waingereza na kulifanya "refa": anayepelekewa shauri. Alikuwa hazungumzi mpaka aulizwe. Mwaka 1891 alihamishiwa ndani ya uwanja, akapewa mamlaka yote, na wale wasimamizi wawili wakasukumwa pembeni kwenye mistari. Adhabu ya penalti nayo ililetwa mwaka huohuo.

Kwa hiyo mabishano yaliutangulia uamuzi, na refa aliletwa kwa sababu watu walishabishana. Tulichokuwa tunakifanya Mabibo ni kazi ya wale wasimamizi wawili, kila mmoja na timu yake. Tofauti ni kwamba hakuna aliyetuuliza.

Baada ya hapo nilifika kwa Ken Aston, mwalimu wa shule na mwamuzi wa Kiingereza. Tarehe 2 Juni 1962 alichezesha Chile na Italia mjini Santiago, kwenye Kombe la Dunia. Kabla ya mechi, waandishi wa habari wa Italia walikuwa wameandika makala za kuidharau Chile na mji mkuu wake, nchi iliyokuwa imepigwa na tetemeko kubwa la ardhi miaka miwili tu nyuma. Watu walikuja uwanjani na hasira yao tayari. Haikufika dakika ya kumi, Aston akamtoa Giorgio Ferrini wa Italia. Ferrini akagoma, hadi polisi wakaja kumwondoa.

Hapo ndipo niliposimama kusoma, nikarudia tena. Baadaye katika mechi hiyo Leonel Sánchez wa Chile alimpiga ngumi Mario David wa Italia. Hakutolewa. David akalipiza kwa kumrukia Sánchez na mguu juu, usawa wa kichwa. David akatolewa. Sánchez pia alimvunja pua Humberto Maschio kwa ngumi, na bado akamaliza mechi. Chile walishinda 2-0. Sánchez alimaliza mashindano akiwa mmoja wa wafungaji bora sita, kila mmoja na mabao manne. Ukiitazama filamu ya mechi hiyo leo, huhitaji kujua Kiitaliano kuelewa wachezaji wa Italia wanauliza nini kwa mikono yao. Aston hakuchezesha tena mechi ya Kombe la Dunia.

Miaka minne baadaye alikuwa ndiye anayewasimamia waamuzi kwenye Kombe la Dunia la 1966, England. Tarehe 23 Julai, robo fainali, England walicheza na Argentina pale Wembley. Mwamuzi alikuwa Mjerumani, Rudolf Kreitlein, ambaye hakujua Kihispania. Nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, hakujua Kijerumani. Dakika ya 35 Kreitlein alimwamuru atoke. Rattín akakataa. Alikuwa akiionyesha alama ya unahodha mkononi mwake na kudai aletewe mkalimani. Dakika zikapita, na Aston mwenyewe akalazimika kushuka uwanjani kusaidia kumtuliza. Rattín alitoka akiwa amekasirika, akaenda kukaa kwenye zulia jekundu lililotandikwa kwa ajili ya Malkia.

Kulikuwa na tatizo jingine dogo. Baada ya mechi, ndugu wawili wa England, Bobby na Jack Charlton, walisoma gazetini kwamba mwamuzi alikuwa amewaandika kwa kuwaonya. Kocha wao, Alf Ramsey, ikabidi aombe ufafanuzi kutoka FIFA. Yaani mtu anapewa adhabu katikati ya uwanja na anajua kesho yake.

Aston mwenyewe alisimulia kilichofuata. Alikuwa akiendesha gari kurudi kutoka Wembley, barabara ya Kensington High Street, London, akiyawaza yote hayo, taa za barabarani zilipobadilika. Njano: tahadhari. Nyekundu: simama. Rangi mbili ambazo kila mtu anazielewa bila mkalimani. Kadi zikaingia Kombe la Dunia la Mexico, 1970. Ajabu ni kwamba mashindano yale yaliisha bila mchezaji hata mmoja kutolewa. Kadi nyekundu ya kwanza ya Kombe la Dunia ilisubiri hadi Juni 1974, mjini Berlin, mwamuzi Doğan Babacan wa Uturuki alipomwonyesha Carlos Caszely wa Chile. Caszely alikuwa amemchezea vibaya Berti Vogts, beki wa Ujerumani Magharibi.

Nyumbani kwa Aston kadi zilipokelewa kwa mashaka. Ligi ya England ilianza kuzitumia Oktoba 1976, ikaziacha Januari 1981 kwa hoja kwamba waamuzi wamezidi kuzinyanyua kwa mbwembwe, na ikazirudisha 1987. Nchi iliyozizaa ilikaa miaka sita bila kuzitaka.

*

Kila anayesimulia habari hii huishia kwenye taa. Inapendeza: mtu mmoja, gari moja, wazo moja. Mimi kilichonikera ni kwamba taa haijibu swali la Santiago.

Wembley palikuwa na tatizo la lugha. Rattín hakuelewa, akina Charlton hawakujua. Kwa tatizo hilo kadi ni dawa kamili. Lakini Ferrini na David mwaka 1962 walielewa vizuri sana kwamba wanatolewa. Walichotaka kujua ni kwa nini wao, wakati Sánchez anaendelea kucheza. Aston alipitia matatizo mawili tofauti, akapata ufumbuzi wa lile alilolisimamia, na lile alilolisababisha mwenyewe likabaki.

Sisi wa Dar tunalielewa hili bila kusoma kitabu. Taa ni taa, haina ndugu. Lakini kwenye makutano yetu, saa za foleni, huwa kuna trafiki amesimama chini ya taa. Taa nyekundu inawaka, naye anakupungia mkono upite. Taa ya kijani inawaka, anakusimamisha. Hakuna anayegombana na taa. Tunagombana na mkono.

Nikaanza kuwasikiliza upya wale wawili wa kibandani. Kijana wa bodaboda alikuwa anajibu swali moja: je, kosa lilitendeka? Muuza chipsi alikuwa anauliza jingine: je, kosa hili huadhibiwa kwa kila mtu? Kila mmoja alikuwa sahihi katika swali lake, na ndiyo maana wangeweza kubishana hadi asubuhi. Kwenye semina zetu tungesema mmoja anasoma sheria na mwingine anasoma kumbukumbu za mahakama.

Ila kumbukumbu zina mtunzaji. Muuza chipsi ana video za Rice na Trossard kwenye simu yake, na anaweza kukuonyesha dakika na sekunde. Hana hata moja ya siku ambayo mchezaji wetu aliupiga mpira mbali akaachwa. Nami sina. Somo la kwanza tunalofundishwa ni kuuliza nani alihifadhi nyaraka hizi na nini alikiacha, na nimekuwa shabiki wa Arsenal miaka 17 bila kuliuliza swali hilo kuhusu timu yangu.

Nilidhani nimefika mwisho. Nikaandika kurasa mbili, nikaziweka.

*

Januari iliyofuata nilipewa kazi ya kupokea na kusahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwisho wa kukusanya ilikuwa saa 10 jioni, na atakayechelewa akatwe alama tano. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya namna hiyo. Nilikaa kwenye meza kwenye korido, rundo likakua. Saa 10 ilipofika, mvua ilikuwa imeshika na wanafunzi walikuwa wakikimbia kutoka kwenye daladala. Niliwahurumia. Waliofika ndani ya dakika kumi, kumi na tano, nilizipokea insha zao bila kuandika kitu. Kisha mhadhiri akapita, akatazama saa, akaniuliza kwa upole kama bado napokea. Kuanzia hapo kila aliyekuja nikamwandikia juu ya karatasi: amechelewa.

Matokeo yalipobandikwa, binti mmoja alinifuata. Alisalimia vizuri, akatoa simu, akanionyesha picha aliyopiga siku ile kwenye korido, yeye na rafiki yake, kila mmoja na insha mkononi. Saa ya picha ilionyesha wamechelewa wote wawili. Rafiki yake alikuwa ametangulia mezani. Yeye alisimama kufunga kiatu, na wakati anafunga kiatu mhadhiri alipita. Rafiki hakukatwa. Yeye alikatwa tano, na tano hizo zilimshusha daraja.

Nikamjibu haraka, kama mtu aliyekariri. "Kosa la mwenzako halifuti kosa lako."

Nilipomaliza kusema nikasikia sauti ya kijana wa bodaboda.

Yule binti hakupandisha sauti. "Mwalimu, sijasema sikuchelewa," alisema. "Nauliza kwa nini mimi."

Sikuwa na jibu. Jibu la kweli lilikuwa kwamba nilimwogopa mhadhiri kuliko nilivyoiheshimu saa, na hilo huwezi kumwambia mtu wa mwaka wa kwanza. Nilimwambia anipe siku moja. Nikaenda kwa mhadhiri, nikakiri, akasema nirekebishe nitakavyoona ni haki. Nikamrudishia alama zake tano. Nilirudi chumbani nikijiona mwema.

Usiku nikakumbuka wengine. Kulikuwa na wanafunzi wanne niliowakata jioni ile, na hawakuja kulalamika. Labda hawakupiga picha, au walidhani ndivyo chuo kilivyo. Nilikuwa nimemrudishia mmoja kwa sababu alikuwa na ushahidi na ujasiri wa kugonga mlango. Wale wanne bado walikuwa na adhabu, na sasa walikuwa wameonewa mara mbili, na safari ya pili ilifanyika kwa jina la haki.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kuwakata wote waliochelewa. Haikuwezekana, kwa sababu insha nilizozipokea kwa huruma sikuziandika muda. Ya pili, kutomkata yeyote. Nikachukua ya pili. Nikafuta alama zote za kuchelewa, nikawaandikia wote ujumbe mmoja kueleza nilichokosea. Kesho yake kijana mmoja akanisimamisha kwenye ngazi. Hakukasirika. Aliniambia tu kwamba yeye alikuwa hajalala usiku kuamkia siku ile ili awahi, na kurasa zake mbili za mwisho alizifupisha kwa ajili hiyo. Angejua, angechelewa.

Kwa kweli sikuwa na la kumwambia. Nilichojifunza kwenye ngazi ile ni kwamba usawa ukishavunjika haurudi ulivyokuwa. Ukirekebisha hapa, unapasua pale. Waamuzi wanajua jambo hili na ndiyo maana wanakatazwa kulipa kosa kwa kosa. Oliver aliyemwacha Doku hakuwa na namna safi ya kujirekebisha. Kumwacha na Trossard kungekuwa makosa mawili. Kumtoa Trossard ilikuwa kosa moja na uamuzi sahihi mmoja, na kwa mtu aliyeko upande wa pili hiyo ndiyo hesabu inayouma zaidi.

*

Wakati nahangaika na alama zangu, jambo lilitokea Uingereza. Tarehe 25 Januari 2025 Arsenal walicheza na Wolves. Oliver yuleyule akampa Myles Lewis-Skelly kadi nyekundu ya moja kwa moja. VAR wakaitazama, wakaiacha. Arsenal walishinda 1-0 hata hivyo, wakakata rufaa, na jopo likaifuta kadi. Kijana hakukosa mechi zinazofuata. Lakini kadi za Rice na Trossard hazikuweza hata kutazamwa upya na VAR, kwa sababu wakati huo kanuni iliruhusu mashine kuangalia nyekundu ya moja kwa moja tu, si njano ya pili. Mlango wa kugonga upo kwa baadhi ya makosa, na mengine hayana mlango. Nilikumbuka wale wanne.

Kuna badiliko moja linalonipa moyo kidogo. Kwenye Kombe la Dunia la Wanawake la 2023, Australia na New Zealand, waamuzi waliokwenda kutazama picha za VAR walirudi wakaeleza uamuzi wao kwa kipaza sauti, uwanja mzima ukisikia. Baadhi walitetemeka sauti. Sentensi zenyewe zilikuwa fupi, na hazikumaliza ubishi. Lakini zilikuwa maneno. Rattín alidai mkalimani mwaka 1966, akapewa rangi. Imechukua miaka 57 kwa mwamuzi kurudi na kuanza kusema kwa nini.

Mwezi Februari nilikwenda tena kibandani, si kwa mechi ya Arsenal. Muuza chipsi alikuwepo, na kijana wa bodaboda alikuwa mlangoni akijadili kiingilio. Nilimwambia muuza chipsi kwamba nimepata jibu lake. Nikamsimulia Santiago, ngumi za Sánchez, Wembley, zulia la Malkia, taa. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halitokei sana kwenye semina zangu.

"Kwa hiyo huyo aliyezileta," aliuliza, "na yeye alimtoa mmoja akamwacha mwingine?"

"Ndiyo."

Akafikiri kidogo. "Alikuja kuwaambia wale Waitaliano kwa nini?"

Nikasema sijaona popote alipowaambia.

"Angewaambia tu," alisema. "Hata kama wangekataa."

Kijana wa bodaboda alikuwa ameshaingia, anatafuta pa kukaa. Tukasogea, akakaa katikati yetu.

"Lakini Trossard alipiga," akasema.

"Alipiga," tukajibu wote wawili.